Mapafu yamepona, lakini usiku bado niko ICU

Mpanda_ngazi:
Wakuu, miezi saba iliyopita nimonia ilinilaza ICU siku 19, siku 12 kati ya hizo nikiwa kwenye mashine ya kupumulia. Sasa nafanya kazi, ngazi napanda, daktari wa kifua kasema nimepona.

Shida ni usiku. Nakumbuka mambo ambayo mke wangu anaapa hayakutokea. Kitanda kiko ndani ya boti, maji yanapanda, na nesi mwenye glavu za bluu ananifunga mikono ili nizame. Mchana, kengele ya maikrowevu ikilia tu, najikuta nimeshika koo. Juzi nilikwenda kuchukua majibu ya damu, nikakaa ndani ya gari nusu saa, nikarudi nyumbani bila kushuka.

Nimeambiwa nianze tiba ya kiwewe. Nitamsimulia nini mtaalamu, wakati kilichonitisha hakikutokea? Na nikikichokoa si nitazidi kuharibika? Naomba msinijibu "mshukuru Mungu upo hai". Namshukuru kila siku, na bado silali.

Zamu_ya_usiku:
Pole sana kaka. Mimi ni nesi wa ICU, na pengine kwa mgonjwa fulani mimi ndiye huyo wa kwenye boti.

Mikono huwa tunaifunga kweli wakati mwingine, mgonjwa asing'oe bomba la kooni. Godoro la hewa hujaa na kupungua lenyewe ili usipate vidonda vya mgongo: boti hiyo. Tunaponyonya makohozi kwenye bomba, unapaliwa na unasikia maji yakikoroma: ndiyo kuzama. Homa, dawa za usingizi na kukesha vikashona vipande hivyo vikawa hadithi. Huko ni kuweweseka, si wazimu, na kumbukumbu za namna hiyo mara nyingi ndizo zinazosumbua watu kuliko matukio halisi. Karibu mmoja kati ya watano wanaotoka ICU hubaki na dalili za kiwewe.

Uliza kama waliandika shajara yako. Baadhi ya ICU, manesi na ndugu huandika kila siku kilichotokea. Utafiti mmoja wa Ulaya wa 2010 ulikuta waliosoma shajara zao wamepata kiwewe kipya asilimia 5, wasiosoma asilimia 13. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, ila kwako wewe unayetafuta ukweli wa boti, ningeanzia hapo.

Sindano_na_uzi:
Mimi nilitoka ICU na sumu ya damu. Nilipitia EMDR, ile tiba ya kiwewe ya kusogeza macho, aliyoianzisha mwanasaikolojia Francine Shapiro mwaka 1987. WHO iliipendekeza 2013, pamoja na tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe.

Vikao viwili vya kwanza hatukugusa ICU kabisa. Nilifundishwa kupumua na kurudisha akili chumbani: miguu sakafuni, taja vitu unavyoviona. Cha tatu akaniambia nichague picha moja, hofu yake niipe namba kuanzia 0 mpaka 10. Nikasema 9. Nikafuata vidole vyake kwa macho, kushoto kulia, tunasimama, ananiuliza "sasa kuna nini?" Hakuniuliza hata mara moja kama picha ni ya kweli, maana hofu ilikuwa ya kweli. Wiki ile ya kwanza ndoto zilizidi, sikufichi. Cha sita ile picha ilikuwa 2.

Angalizo: anayetaka umwage yote siku ya kwanza, mkimbie.

Kiti_cha_plastiki:
Mume wangu ndiye aliyelazwa, mimi nilikaa pembeni. Umemuuliza mkeo yeye analalaje?

Mpanda_ngazi:
Nilikuwa sijamuuliza. Jana usiku nimemuuliza. Akafungua simu, kumbe alikuwa akijiandikia kila jioni kwenye kalenda. Siku ya nane: "Wamemfungua mikono saa kumi. Kanishika kidole, hajui ni mimi." Tumesoma mpaka siku ya kumi na moja, akashindwa kuendelea. Kikao ni Alhamisi, tunakwenda wote.

Glavu, anasema, zilikuwa za zambarau.