Plagi za umeme kwenye ubao mama: ya pini 24, ya pini 8 na ile ya pini 4 ya pembeni

mjenzi_mezani

Wakuu, habari zenu. Naunganisha kompyuta ya mezani na sasa nimefika kwenye umeme. Ubao mama una soketi ya pini 24 ubavuni. Juu, karibu na prosesa, kuna soketi ya pini 8 na pembeni yake nyingine ya pini 4. Pawasapulai (kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ina plagi tatu za pini 8: moja inagawanyika 4+4, mbili zinagawanyika 6+2. Ipi ni ya prosesa? Ile soketi ya pini 4 ikibaki tupu kuna madhara? Na kuna nyaya za pawasapulai nyingine ambazo ni ndefu zaidi, plagi zake zinaingia vizuri kabisa. Naweza kuzitumia? Sijawasha bado.

volti12

Mkuu, usiwashe kwanza. Ya 4+4 ndiyo ya prosesa, na mara nyingi imeandikwa CPU kwenye plastiki. Za 6+2 ni za kadi ya grafiki, zimeandikwa PCIe.

Zinafanana kwa umbo tu. Ya prosesa ina nyaya nne za volti 12 na nne za ethi (za kurudishia umeme, volti sifuri), na hizo za volti 12 zimepangwa upande wenye klipu. Ya kadi ya grafiki ina tatu za volti 12 na tano za ethi, na mpangilio wake ni kinyume: upande wenye klipu ni ethi. Ukiilazimisha ya kadi kwenye soketi ya prosesa, volti 12 inaingia moja kwa moja kwenye ethi ya ubao. Hiyo ni shoti. Pawasapulai yenye ulinzi mzuri itajizima papo hapo, isiyo nao inaweza kuunguza ubao.

Chukua tochi uchungulie matundu ya soketi: mengine ni mraba, mengine yamekatwa pembe. Maumbo hayo yamewekwa makusudi ili plagi isiyo yake igome. Plagi sahihi huingia kwa kusukuma kwa nguvu ya kawaida hadi klipu ilie "tik". Ikikataa, ichomoe uangalie upya.

pini_na_waya

Nijibu la soketi ya pini 4. Kwa matumizi ya kawaida iache tupu. Pini zake za volti 12 kwa kawaida zinaungana na zile za soketi ya 8 ndani ya ubao, kazi yake ni kugawana mzigo tu. Piga hesabu: prosesa ikila wati 200, hiyo ni karibu ampia 17 kwenye volti 12. Ukizigawa kwa nyaya nne, kila mmoja unabeba ampia 4 na kidogo, na pini za aina hii hubeba 7 bila taabu. Ile ya ziada inafaa kwa prosesa kubwa inayosukumwa kupita kasi yake ya kiwandani. Kitabu cha ubao wako kikisema ni lazima, fuata kitabu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni watu kufanya kinyume chake: soketi ni ya pini 8, wao wanachomeka nusu ya plagi, pini 4 tu. Mashine inaweza kuwaka na kufungua vizuri. Lakini wati zile zile 200 sasa zinapita kwenye nyaya mbili, ampia 8 na zaidi kila mmoja. Plastiki inapata joto, inalegea, pini inashika vibaya, joto linazidi, mwisho plagi inaungua. Jaza pini zote 8.

volti12

Kuhusu nyaya za pawasapulai nyingine: usizitumie, hata kama ni za kampuni ileile. Upande unaoingia kwenye ubao mama unafuata kanuni moja duniani kote. Upande unaoingia kwenye pawasapulai hauna kanuni, kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na mpangilio unaweza kutofautiana kati ya modeli mbili za jina moja. Kuingia vizuri hakuthibitishi chochote. Matokeo ya kawaida ni volti 12 kufika mahali palipotakiwa volti 5, na diski ndizo zinazokufa kwanza. Kama zilizopo hazifiki, tafuta nyaya za kurefusha, zile zinazochomekwa mbele ya waya halisi.

Kwa mpangilio wa kazi, pitisha waya wa prosesa nyuma ya kasha kabla hujafunga ubao. Soketi yake iko kwenye kona ya juu, na ukishaweka feni au radieta mkono haupiti. Plagi ya 24 ni ngumu, kwa hiyo shikilia ukingo wa ubao kwa mkono mwingine usipinde.

mjenzi_mezani

Asanteni sana wakuu, nyaya ndefu naziweka kando. Moja limebaki: plagi ya 24 ina kipande cha pini 4 kinachoachana nayo. Hicho hakiwezi kwenda kwenye ile soketi ya pini 4 ya juu?

pini_na_waya

Hapana, na swali hili ni la msingi sana. Kipande hicho kina nyaya za kazi nne tofauti: volti 12, volti 5, volti 3.3 na ethi. Cha prosesa kina mbili za volti 12 na mbili za ethi. Kama nyaya zako zina rangi, utaona tofauti mara moja: hicho kina njano, nyekundu, chungwa na nyeusi, cha prosesa ni njano na nyeusi tu. Zikiwa nyeusi zote, soma maandishi. Kinaachana kwa sababu mbao za zamani zilikuwa na soketi ya pini 20. Kwako, kibane na mwenzake, vichomeke pamoja kama plagi moja.

Ukiwasha, feni zikazunguka na skrini ikabaki giza, rudi kwanza kwenye plagi ya prosesa. Feni zinapata umeme kupitia ile ya 24, hivyo kuzunguka kwake hakusemi lolote kuhusu prosesa. Isipowaka kabisa, weka mita ya kupimia volti kwenye volti za DC, ncha moja kwenye ethi, nyingine nyuma ya pini ya 9 ya plagi ya 24, ile ya waya wa zambarau. Swichi ya pawasapulai ikiwa imewashwa, hapo lazima usome kati ya volti 4.75 na 5.25 hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ikisoma sifuri, anza na swichi ya nyuma na waya wa ukutani, kisha pawasapulai yenyewe. Ikisoma sawa, kagua zile pini mbili za kitufe cha kuwashia kwenye ubao. Hizo hazina chanya wala hasi, zinatakiwa tu ziwe mahali pake.