Mjadala: Zikitimia saa 12 za kazi seti ifungwe, tangazo liishe lisiishe

MLETA MADA

Wakuu, salamu. Mimi ni mtu wa sauti. Ukiona kwenye tangazo mama anamnong'oneza mwanawe na neno likakufikia safi, ujue kuna mtu alisimama pembeni mikono juu, ameshika fito yenye maiki shubiri mbili nje ya picha, akiomba bodaboda isipite. Kazi hiyo nimeifanya miaka 11, Dar na mikoani, kwenye matangazo, tamthilia na filamu.

Hoja yangu ni hii. Bodi ya Filamu ndiyo inayotoa vibali vya kupiga filamu Tanzania Bara. Isitoe kibali kabla ya kuona ratiba inayoonyesha kwamba hakuna mtu wa seti, yaani pale tunapopigia picha, atakayefanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na kwamba kati ya siku na siku kila mtu anapata saa 12 za kupumzika. Saa 12 za kazi zikitimia, taa zinazimwa hata kama imebaki picha moja. Najua wengi mtapinga, ndiyo maana nimeileta.

Nianze na namna siku yenyewe inavyokwenda, kwa sababu mtazamaji anaona sekunde 30 tu. Kabla mwigizaji hajafungua mdomo, msaidizi wa kamera amepima kwa futikamba kutoka jicho lake hadi kwenye lenzi. Fundi taa na vijana wake wamelaza nyaya kutoka kwenye jenereta iliyowekwa mbali ili isingurume masikioni mwangu. Mtu wa mwendelezo ameandika glasi ilikuwa mkono gani. Halafu msaidizi wa mwongozaji anaita: Kimya seti! Sauti? Najibu: Inaenda. Kamera? Inaenda. Kibao kinapigwa, na mlio ule wa "ta!" ndio mhariri atakaoutumia wiki ijayo kuunganisha sauti yangu na picha. Mmoja wetu akikosea hapo, wote tunarudia.

Sasa fikiria mnyororo huo mkiwa saa ya 17 ya kazi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo, ili mwanga wa taa usipepese, tunapiga fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ya sekunde 1/50. Msaidizi wa kamera aliyechoka akisahau kuirudisha hapo baada ya picha ya mwendo wa polepole, taa za dukani zitapepesa kwenye picha, na kwenye kioo kidogo cha kamera huenda asigundue mtu. Itaonekana kwenye chumba cha uhariri, duka limeshafungwa na pesa zimeshaliwa. Hapo nazungumzia picha tu, sijafika kwenye miili ya watu: ngazi, nyaya za umeme kwenye nyasi mbichi, taa ambayo ukiigusa inaacha ngozi yako juu yake.

Na siku hairefuki kwa bahati mbaya. Mara nyingi picha ya bidhaa, ile ambayo mteja anaijali kuliko zote, ndiyo inayoachwa mwisho. Yale matone mnayoyaona kwenye chupa ya juisi ni gliserini iliyochanganywa na maji, inapulizwa kwa mkono. Barafu ni ya plastiki, maana ya kweli haivumilii taa. Kupanga chupa moja tu huchukua saa nzima. Ndipo mtu wa kampuni, aliyekaa mbele ya monita tangu mchana, anasema lebo igeuzwe kidogo kushoto. Halafu kulia. Halafu anampigia simu bosi wake.

Miaka michache iliyopita tulikuwa Bagamoyo kwa tangazo la kinywaji. Tuliripoti saa 10 alfajiri ili tuwahi mapambazuko ya baharini. Picha ya mwisho ilikubaliwa saa 7 usiku. Hizo ni saa 21. Mwongozaji na wageni wa mteja walikuwa na vyumba palepale. Sisi tulipakiwa kwenye Hiace turudi mjini, kwa kuwa vyumba vyetu havikuwamo kwenye bajeti. Dereva alikuwa nasi tangu alfajiri, akitumwa kufuata betri, chakula, kamba. Tulipofika Mapinga akasinzia na gari likaingia mtaroni. Msaidizi wa kamera alivunjika mtulinga. Alikaa miezi mitatu bila kazi, na hapakuwa na karatasi hata moja inayoonyesha kwamba siku ile alikuwa kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa sheria ya 2008, lakini ungeanza kudai na nini? Tulichangishana wenyewe. Tangazo lile lilirushwa kwa miezi, na kila lilipokuja nilibadilisha chaneli.

Mtu asiniambie naleta mambo ya Ulaya. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwa Tanzania Bara, inasema mfanyakazi asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, ovataimu ikiwa ndani yake. Inasema apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Imeandikwa miaka zaidi ya 20 iliyopita, na mimi katika seti nilizopita sijawahi kusikia mtu akiitaja.

Huko ambako filamu ni kiwanda kikubwa wameshazika watu kwa jambo hilihili. Machi 1997, California, msaidizi wa kamera Brent Hershman alitoka kwenye siku ya saa 19, akasinzia kwenye usukani akielekea nyumbani, akafa. Mpiga picha Haskell Wexler, mshindi wa Oscar mara mbili, alitumia miaka yake ya uzeeni kupigania saa 12 za kazi na 12 za mapumziko. Februari 2014, huko Georgia, Marekani, msaidizi wa kamera Sarah Jones, miaka 27, aligongwa na treni kwenye daraja la reli ambalo wakubwa wake hawakuwa na ruhusa ya kupigia picha. Mwongozaji alikiri kosa na akafungwa. Baada ya hapo wapiga picha wa nchi nyingi waliandika jina la Sarah kwenye vibao vyao. Sisi tusisubiri jina la kuandika kwenye kibao.

Karibuni.

MTAYARISHAJI, KINONDONI

Kaka, pole kwa ajali ile, na sikatai ulichokisema. Lakini nami nisikilizwe, kwa sababu kwenye mjadala kama huu prodyuza huwa ndiye shetani.

Nyumba ya kupigia filamu Mbezi nailipia laki tatu kwa siku. Kamera na lenzi nakodi kwa siku. Jenereta, chakula cha watu 25, mwigizaji mkubwa mwenye nafasi siku mbili tu kisha anaondoka. Nikizima taa picha moja kabla, kesho nalipa vyote upya. Pesa ya mteja inaingia baada ya miezi miwili au mitatu, na hizo nilizotangulia kulipa ni za mkopo wa kikundi cha mke wangu. Umewahi kulijua hilo ukiwa umeshika maiki?

Pili, hamjaajiriwa na mimi. Mnakuja na vifaa vyenu na ankara zenu, kesho mko kwa mwingine. Sheria ya ajira inawahusu vipi? Hata hiyo sheria uliyoitaja inamwacha nje ya masharti ya mkataba na maelezo ya maandishi mtu anayemfanyia mwajiri kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Tangazo ni siku mbili.

Tatu, ukipeleka jambo hili Bodi, wenye kampuni kubwa watajaza fomu vizuri na kuendelea. Atakayekwama ni kijana wa Temeke anayepiga filamu yake ya kwanza na rafiki zake kwa siku nne. Huyo ndiye mnamzika.

Na mwisho, ukweli wa Mungu: ikifika saa 3 usiku nikiuliza "tumalize leo au turudi kesho?", nusu ya mafundi wanasema tumalize. Wana kazi nyingine kesho.

KIJANA WA KUTUMWA, TABATA

Shikamooni. Mimi ndiye naletaga maji na kushika mwavuli. Kaka mtayarishaji anasema tukiulizwa tunajibu tumalize. Ni kweli huwa najibu hivyo. Siku niliyojibu nimechoka, sikupigiwa simu tena mpaka leo.

FUNDI TAA, NAIROBI

Hamjambo ndugu zangu. Huku nikikubali kazi ya tangazo tunaandikiana: saa 12, zikipita kuna ovataimu, na kila saa inavyosonga inakuwa ghali zaidi. Imesaidia sana. Mteja akijua kwamba kugeuza lebo saa 4 usiku kutamgharimu, anaigeuza saa 8 mchana.

Ila niwape tahadhari. Ovataimu ikiwa tamu, mafundi wenyewe wanaanza kuvuta kazi. Nimewaona vijana wangu wakifunga taa polepole ili saa igonge. Pesa imeongezeka lakini usingizi bado haupo, na mimi ndiye ninayemtuma mtu huyo apande ngazi na taa ya kilo 20. Kwa hivyo sasa nikisaini, mahali ninaposhikilia ni mapumziko. Unilipe ovataimu ama usinilipe, lakini nikitoka saa 5 usiku usiniite saa 11 alfajiri. Na mapumziko yahesabiwe kuanzia nikifika kwangu, kwa sababu kutoka lokesheni hadi Rongai kwenye foleni ni saa mbili.

MPAMBAJI, ZANZIBAR

Assalaam alaykum. Nyote mnasema "saa 12 za seti". Za nani? Kamera ikianza saa 12 asubuhi, mimi na mtu wa mavazi tumeshafika saa 9 na nusu usiku, kwa sababu waigizaji wanne hawapambwi kwa dakika kumi. Kamera ikizimwa, nyie mnakunja nyaya; mimi bado namfuta mtu damu bandia na kubandua ndevu, kisha nasafisha brashi moja moja, maana ngozi ya mtu si mchezo. Kwa hesabu yenu ya kamera, mimi nafanya kazi saa 16 na ratiba inaonyesha 12 safi.

Na la kurudi nyumbani. Usiku wa manane mwanamume anadandia bodaboda anaondoka. Mimi nimebeba sanduku, niko peke yangu barabarani. Katika kazi zangu nyingi gari la kurudisha watu lilitajwa asubuhi, usiku halikuonekana.

Halafu kumbukeni, hiyo sheria ya 2004 haivuki maji. Huku tuna Sheria ya Ajira yetu, namba 11 ya 2005. Mkitaka sharti hili lifae pande zote, msilitundike kwenye sheria ya upande mmoja.

MLETA MADA

Nimesoma yote mara mbili. Nijibu kwa kadiri yalivyonigusa.

Mtayarishaji, mkopo wa kikundi sikuufikiria, na nimejiuliza ni mara ngapi nimekunja uso kwenye seti bila kujua mwenzangu amebeba nini. Lakini hilo la "hamjaajiriwa" sikubaliani nalo. Kifungu cha siku 6 umekisoma sawa: kinatunyima karatasi, na mimi nadhani ni pengo linalopaswa kuzibwa. Ila kinahusu mambo ya mkataba. Saa za kazi ziko sehemu nyingine ya sheria. Na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo, kifungu cha 61, inasema mtu huchukuliwa kuwa mfanyakazi hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata sababu moja kati ya zilizoorodheshwa ipo. Mojawapo ni kwamba saa zake za kazi zinapangwa na mwingine. Nani anapanga saa zangu? Ratiba yako inaniambia hadi dakika ya kula.

Kuhusu kijana wa Temeke umenisogeza. Sharti la kibali lianze na matangazo ya biashara, ambako mteja yupo na pesa ipo. Filamu ndogo zipewe muda. Na gharama ya siku ya nyongeza isikae mgongoni kwako peke yako: mteja akibadilisha wazo akiwa mbele ya monita, siku hiyo ailipe yeye. Hilo hata wewe ungelipigania, nadhani.

Mdogo wangu wa Tabata, jibu lako ndilo linalonifanya nisikubali jambo hili liachwe kwa maelewano. Mtu hawezi kuelewana na anayeweza kumfuta kwenye simu.

Dada wa Zanzibar, umenisahihisha na ninalifuta neno "seti". Saa za kila mtu zianze pale yeye anaporipoti, zikome pale yeye anapoachiliwa. Maana yake mpambaji aliyefika saa 9 na nusu usiku atakuwa na mwenzake wa kumpokea zamu, au kamera itazimwa mapema. Najua ni gharama, lakini mpaka sasa gharama hiyo ameilipa yeye kwa mwili wake.

Kaka wa Nairobi, nimechukua la mapumziko kuhesabiwa kutoka nyumbani hadi nyumbani. Hapo itabidi saa 12 za kazi zipungue, labda ziwe 10. Hili sijalimaliza, na wenye uzoefu wa kupanga ratiba waseme.

Alhamisi nina kazi Kigamboni, siku mbili, tangazo. Jana nilimrudishia mtayarishaji ratiba yake nikiwa nimeongeza mistari mitatu: saa ya kuripoti na kuachiliwa kwa kila jina, gari la kurudi lenye dereva ambaye hakuanza kazi alfajiri, na nani analipa mteja akiongeza picha. Ameisoma, tiki mbili za bluu, hajajibu. Akijibu nitalileta jibu hapa kama lilivyo.