Mama anakwenda Dar wiki sita na dawa za baridi yabisi

Swali, kutoka Reading

Habari zenu ndugu. Mama ana baridi yabisi na mwezi wa 12 anasafiri London kwenda Dar kupitia Nairobi, wiki sita. Anameza methotrexate miligramu 15 kila Jumatatu, folic acid Ijumaa, na kuchoma sindano ya adalimumab kila baada ya wiki mbili. Afungashe nini, na akifika ajihadhari na nini?

Jibu, mfamasia, Leicester

Dada, mpe mama shikamoo. Naanza na linaloweza kumuua.

Septrin. Nyumbani ni dawa ya kila kitu: kikohozi, kuhara, mkojo unaochoma. Ndani yake mna trimethoprim na sulfamethoxazole. Methotrexate hubana njia ambayo mwili hutumia folati, aina ya vitamini B, kutengeneza seli mpya. Trimethoprim inabana njia hiyohiyo, na ile sulfa inazifanya figo zichelewe kuitoa methotrexate. Zikikutana, uboho wa mifupa unaweza kuacha kutengeneza damu. Kozi ya siku chache tu inatosha. Dalili ni vidonda mdomoni, koo kuuma, homa, michubuko isiyo na sababu. Akiona hizo, asimeze methotrexate nyingine, aende hospitali siku hiyohiyo apimwe damu, na ataje jina la dawa mlangoni.

SP, yaani Fansidar, dawa ya malaria, nayo hubana folati, kwa hiyo aikatae. Na hata huku Uingereza awe macho: trimethoprim peke yake huandikwa sana kwa maambukizi ya mkojo.

Bandikeni karatasi kwenye boksi, kwa Kiswahili na herufi kubwa: NATUMIA METHOTREXATE MARA MOJA KWA WIKI. NISIPEWE SEPTRIN, TRIMETHOPRIM WALA SP.

Hayo maneno "kwa wiki" yapigieni mstari. Miligramu 15 ni vidonge sita vya 2.5, na ndugu anayemsaidia mgonjwa akizoea dawa za kila siku atampa sita leo na sita kesho. Watu wamekufa kwa kosa hilo. Wiki sita ni vidonge 36. Achukue 42, ndege huahirishwa. Vibaki kwenye boksi lake lenye jina lake. Akisahau Jumatatu, anaweza kumeza hadi Jumatano. Ikipita hapo, asubiri Jumatatu ijayo, asifidie.

Akipata homa au maambukizi yanayohitaji antibayotiki, asimamishe methotrexate na sindano, apige simu kliniki yake ya huku kabla ya kuanza tena.

Jibu, muuguzi wa kliniki ya viungo, Coventry

Kuhusu sindano: tatu zinatosha, lakini kampuni inayozileta nyumbani iambiwe mapema, mwezi mzima kabla. Zikae nyuzi 2 hadi 8, na zisigande. Iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Asiziweke kwenye begi la chini ya ndege, abebe mkononi pamoja na barua ya daktari. Kwenye mfuko wa baridi, zungusha taulo kati ya barafu na sindano, visigusane.

Karatasi ya dawa itasema inaweza kukaa nje ya friji siku kadhaa, 14 au zaidi, ikitegemea chapa. Msome mpaka mwisho: isizidi nyuzi 25. Desemba Dar chumba kinapita 30, kwa hiyo ruhusa hiyo haimhusu. Friji, rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma panapoganda. Jazeni friji chupa za maji. Umeme ukikatika zinashika ubaridi, na mlango usifunguliwefunguliwe. Vile vimfuko vinavyopoza kwa maji kukauka vinafaa Dodoma kuliko Dar, maana hewa ya pwani imeshiba unyevu.

Maziwa mabichi asinywe, wala mtindi wa maziwa yasiyochemshwa. Na asilale chumba kimoja na mtu anayekohoa muda mrefu. Adalimumab inadhoofisha ukuta unaozuia kifua kikuu.

Jibu, Leicester tena

Nimesahau kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano ni hai, yaani ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na anayetumia adalimumab hapewi. Akibadilisha ndege tu Nairobi kwa saa chache, Tanzania haimdai. Inadai kwa anayesubiri zaidi ya saa 12 au anayetoka nje kukaa. Mkikaa kwa shangazi Nairobi, mpate kwanza barua ya msamaha kutoka kituo cha chanjo hiyo.

Swali, kutoka Cardiff

Mimi natumia hydroxychloroquine. Si ni ya malaria? Ninahitaji kinga nyingine?

Jibu, Leicester

Unahitaji, kaka. Malaria ya kwetu imeshaizoea klorokwini na jamaa zake, hiyo yako ikiwemo. Tanzania iliiacha mwaka 2001. Kliniki ya wasafiri ikuchagulie kinga huku ikijua dawa zako zote, na chandarua usiache.

Swali, kutoka Reading

Ndugu wamemwandalia unga wa mitishamba wa viungo. Wanasema maumivu yanaisha siku mbili.

Jibu, Coventry

Hizo siku mbili ndizo zinazonitia wasiwasi. Mizizi haifanyi hivyo. Unga wa namna hiyo mara nyingine huchanganywa dexamethasone, ambayo ni steroidi, au diclofenac, dawa ya maumivu, iliyosagwa. Asianze. Kama ameshautumia kwa wiki kadhaa, asiache ghafla bila daktari, kwani mwili huwa umepunguza kutengeneza steroidi yake wenyewe. Mapema kabla ya safari apime damu, ini na figo, na majibu yachapwe asafiri nayo.