Nimepewa Kinjeketile jukwaani, sauti inakata na mistari haikai kichwani. Naombeni ushauri

Muuza Vitenge

Wakuu habari za jioni. Mi ni kijana wa Mbagala, mchana niko dukani Kariakoo nauza vitenge, jioni ni msanii wa jukwaani. Nimezunguka sana na yale maigizo ya malaria na ukimwi, mnafika uwanjani mnapiga ngoma watu wakijaa mnaanza. Sasa kuna kundi linaandaa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, lile igizo la vita vya Maji Maji, la yule mganga aliyewapa watu maji ya kuzuia risasi za Mjerumani, onesho la kiingilio kabisa, wasanii tunalipwa, na mhusika mkuu ndo mimi. Siku naambiwa nilinunulia soda duka zima, sa hivi usingizi sipati.

Shida ya kwanza sauti. Kariakoo bila kuita wateja huuzi, kwaiyo mpaka nafika mazoezini koo limeshakwaruza, nikifika sehemu za kupaza inakata kabisa. Ya pili mistari, nakariri usiku vizuri tu, asubuhi nusu imepotea, na nikisimama mbele ya wenzangu ata ile nusu nyingine inakimbia. Ya tatu ndo inanitisha, ile sehemu ya kupandisha pepo. Dairekta anasema namuigiza mtu aliyepagawa kama yule wa kwenye bongo muvi, macho juu na kutetemeka basi. Bi mkubwa nyumbani naye kasikia kuna kupandisha, hataki ata kunisikia nafanya mazoezi sebuleni, anasema vitu vya watu hivyo haviigizwi. Onesho ni mwezi ujao. Waliowahi kubeba igizo zima mgongoni walifanyaje?

Konda Mstaafu

Nimewahi siti ya mbele. Hongera mkuu, ila hiyo soda ungesubiri uone malipo kwanza 😂

Mwalimu wa Kwaya

Bwana mdogo, tuanze na koo maana bila koo hayo mengine hayapo. Hapo dukani acha kuita, tafuta dogo akuitie wateja au weka spika ndogo yenye rekodi kama wanavyofanya wauza viatu. Halafu usinong'one ukidhani unapumzisha sauti, kunong'ona nako kunachosha, ni heri uongee taratibu kawaida au unyamaze kabisa. Maji kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, usisubiri mazoezi yaanze ndo ugide chupa nzima. Na ile chipsi mayai ya saa nne usiku ukitoka mazoezini kisha unalala, asidi inapanda inachoma koo usiku kucha, alafu unaamka unalaumu feni.

Zoezi langu moja ambalo waimbaji wangu wote wanalijua: chukua chupa ya maji iwe nusu, tia mrija, kichwa cha mrija kizame kidogo tu, puliza huku unatoa sauti ya "uuu" mapovu yatoke sawasawa, panda taratibu juu shuka chini. Dakika chache kabla ya mazoezi. Utasikia sauti imefunguka bila kuilazimisha. Hizi pipi za kuganzisha koo achana nazo, maumivu yanajificha unaendelea kujiumiza. Kama mkwaruzo unafika wiki ya tatu haujaisha, nenda kamuone daktari wa masikio pua na koo, Muhimbili wapo, wanaingiza kamera wanakuonesha koo lako mwenyewe.

Jini wa Temeke

Mi naona suluhisho ni moja tu, uishi kama Kinjeketile. Mwezi mzima, kula kama yeye, ongea kama yeye, ata dukani. Wazungu ndo wanavyofanya na wanabeba tuzo.

Muuza Vitenge

Bosi wangu atanifukuza mkuu, mteja anauliza bei ya kitenge mi nampa maji ya uzima?

Mama Jukwaa

Jini wa Temeke usimpoteze mtoto wa watu. Hao wazungu unaowasema, Daniel Day-Lewis mwaka 1989 akiigiza Hamlet pale National Theatre London aliondoka jukwaani katikati ya onesho, akamaliziwa na mwingine, na kwenye tamthilia hajarudi tena. Na yule ni fundi wa mafundi. Filamu unarudia kipande kimoja kisha unapumzika, jukwaani unaenda mwanzo mwisho na kesho unarudi tena. Halafu mwanangu, kaulize, hapo kwenu kuna mtu anayejifunza nafasi yako kama akiba?

Sasa nikwambie la pepo. Mimi nimecheza majukwaani miaka mingi, nimepandisha mashetani ya kila aina na nikishuka nakula chapati zangu. Siri ni kwamba mwili unapewa ratiba. Unaanzia wapi? Labda kisigino cha kulia kinagonga sakafu, kisha pumzi inakuwa fupi, kisha bega, shingo mwisho kabisa. Unaipanga hatua kwa hatua mpaka uwe unaweza kuifanya huku unafikiria bei ya nyanya. Dairekta akikushika mkono katikati ya tukio uweze kusimama na kumwambia "naam". Ukishindwa kusimama, bado hujaigiza, umejiachia tu, na kesho yake haitatoka vilevile. Mweleze mama yako hivyohivyo, mpeleke ata mazoezini siku moja aone mnacheka mkimaliza. Tena muulize yeye, wanawake wa umri wake Mbagala wameona ngoma za kupunga, atakwambia mtu anaanzia wapi kupanda kuliko bongo muvi yoyote.

Ila kubwa zaidi, soma tena skripti. Umeng'ang'ania pale anapopanda, wakati uzito uko akishashuka. Kapandisha, katabiri kwamba Mjerumani ataondoka na watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akili ikimrudia akasikia alichosema, anachanganyikiwa, maana ake wafukuze Mjerumani wakatawaliwe na Sultani wa Zanzibar? Na watu nje wanashangilia, hawataki kusikia mashaka yake. Hapo ndo Kinjeketile. Huyo mtu hapigi kelele hapo, anafikiri mbele yetu. Ukimaliza sauti yote kwenye kupandisha, utafika hapo umebaki na mkwaruzo.

Muuza Vitenge

Shikamoo mama. Daah hapo umenishika, mi nilikuwa napapita haraka pale nikidhani ni sehemu ya kupumzika kabla ya vita.

Mama Jukwaa

Marahaba mwanangu. Wengi wanapapita.

Babu wa Matumbi

Niongeze kama mtu wa kule. Kinjeketile Ngwale wa kweli alikuwa Ngarambe kule Rufiji, Wajerumani wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndo kwanza imeanza, ikaenda mpaka 1907. Yule wa igizo anafika mwisho wa vita yuko kwenye minyororo. Hussein mwenyewe alishasema huyu wake ni wa kubuni kisanaa, kwaiyo usome historia ikupe harufu ya mambo, pamba ya kulazimishwa, viboko, maakida, ila usije ukagombana na skripti. Ukipata nafasi pita Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, si mbali na hapo Kariakoo kwako.

Konda Mstaafu

Narudi serious sasa. Mistari: rekodi kwenye simu mistari ya wenzako TU, ya kwako acha kimya kwa urefu wake, vaa earphone kwenye mwendokasi ujibu kimoyomoyo. Ukichelewa kujibu mwenzio anakupita, unajua hapo ndo pana tobo. Na usikariri umekaa kitandani, jukwaani hamkai. Kariri ukifua, ukifagia, ukikunja vitenge. Kila mstari jiulize hapa namtaka Kitunda, yule mwenzake Kinjeketile, afanye nini, akubali, anyamaze, aniamini? Neno likipotea hilo lengo linakurudisha. Mi nimecheza vikundi vya mtaani kabla ya ukonda, ndo ilikuwa inatuokoa.

Jini wa Temeke

Basi nimekubali yaishe, lakini ile sehemu ya mwisho jela, Kitunda anamsihi aseme maji yalikuwa uongo wasiteswe tena na mzee anakataa, pale lazima ujisikie kufa kabisa.

Mama Jukwaa

Pale lazima asikike mpaka siti ya nyuma, Jini. Kufa atakufa nyumbani.

Dada Mkataba

Mmesahau la muhimu. Umesaini? Mazoezi yanalipwa au onesho tu? Nauli ya usiku Mbagala nani anatoa? Ukiugua sauti siku ya onesho unakatwa? Pata kwa maandishi ata kama dairekta ni mshkaji wako, na omba sehemu ya malipo kabla, upunguze zamu dukani wiki ya mwisho.

Muuza Vitenge

Karatasi tulisaini ila ya nauli haimo. Na wa akiba nimeuliza leo, hayupo. Kesho naenda na hayo mawili kwa dairekta kabla ya mazoezi. Mrija nimeshanunua.