Vidoa vya njano ndani ya mdomo: ni ugonjwa au ni mafuta?

Kijana wa Makorora:
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 27. Nikiuvuta mdomo wa juu nikaunyoosha, ndani vinaonekana vidoa vidogo vya njano vingi, na mashavuni vipo pia. Haviumi, haviwashi, havitoi usaha. Kinyozi kanitisha eti ni gonjwa la zinaa. Jirani akaniambia nisugue kwa chumvi na ndimu. Nimesugua mpaka mdomo umechubuka, vyenyewe vipo palepale. Anayejua hii kitu anisaidie.

Chuma Ulete:
Fangasi hiyo. Duka la dawa, chap.

Mama Maabara:
Fangasi ya mdomoni huwa na utando mweupe, na mara nyingi ukiufuta unatoka. Hivi ulivyoeleza havifutiki. Mwanangu, ndimu iache leo hii hii.

Kwa maelezo yako, hizo ni tezi za mafuta, zile zile zinazokung'arisha paji la uso saa nane mchana, ila hizi zimeota mahali pasipo na nywele. Huitwa vidoa vya Fordyce, kwa jina la daktari wa ngozi wa Marekani aliyeviandika mwaka 1896. Watu wazima wengi wanavyo. Haviambukizi na havihusiani na zinaa.

Miaka yangu yote maabara nimeotesha vijidudu vya majipu, kwa hiyo mafuta haya nayaheshimu. Tezi inatoa mafuta mazito, halafu vimeng'enya na bakteria wanaoishi kwenye ngozi wanayavunja, inabaki asidi ya mafuta iliyo huru. Mojawapo ni asidi ya sapieni, ambayo imejaa kwenye mafuta ya ngozi ya binadamu kuliko ya mnyama mwingine yeyote. Hiyo inajipenyeza kwenye utando wa bakteria, utando unavuja, bakteria anakufa. Stafilokokasi, huyu bakteria anayeleta majipu, asidi hii haiwezi kabisa. Watu wenye pumu ya ngozi huwa na asidi hii pungufu, na kwao Stafilokokasi hujazana kweli kweli. Ila si kila mdudu anaogopa: Pseudomonasi, anayependa vidonda vya moto, mafuta haya hayamtishi hata kidogo.

Kijana wa Makorora:
Asante sana mama, nimepumua. Sasa mdomoni si kuna mate? Mafuta yanafanya nini humo?

Mama Maabara:
Yamo ndani ya mate yenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa walipima mate ya watu wakakuta nta na skwalini, mafuta ya kawaida ya tezi za ngozi. Ngozi ya ndani ya mdomo nayo ina sfingosini, aina nyingine ya mafuta, inayoua bakteria wengi. Lakini usije ukaacha mswaki! Ukinywa soda kutwa, meno yataoza tu.

Bibi wa Pangani:
Mwanangu, sisi watoto wetu tunawapaka mafuta ya nazi toka enzi. Nayo ni hayo hayo?

Mama Maabara:
Shikamoo bibi. Hayafanani sana, ila yana undugu. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na ikiwa huru inaua Stafilokokasi vizuri. Kasoro ni kwamba ndani ya mafuta ya chupa asidi hiyo imeshikamana na chembe nyingine, haiko huru, mpaka mafuta yavunjwe. Hata hivyo Ufilipino mwaka 2008 waliwapaka watu wazima wenye pumu ya ngozi mafuta ya nazi halisi kwa wiki 4: kati ya 20 waliokuwa na Stafilokokasi, alibaki 1. Waliopakwa ya zeituni, nusu walibaki nayo. Ni utafiti mdogo, lakini nazi yako endelea nayo, mradi isiwe imechacha. Kidonda kibichi usikipake.

Na wewe wa Makorora, kimoja kikikua, kikivuja damu au kikawa kidonda kisichopona kwa wiki mbili, nenda kwa daktari wa kinywa. Hicho kitakuwa kitu kingine.