Naombeni ushauri: programu ya duka la dawa isiyomwanika mteja

Mleta mada: Assalaam aleikum wanajukwaa. Ninasanifu skrini za programu ya duka moja la dawa hapa Mwembe Tayari, Mombasa, ambayo mteja ataagizia dawa na kuletewa kwa tuktuk hadi mlangoni. Mwenye duka anataka skrini ya kwanza imdai mteja nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yake, na chini kuwe na kisanduku cha kukubali matangazo kilichokwisha kutiwa tiki. Nimemweleza kwamba hayo ni mengi kwa mtu anayetaka dawa ya kikohozi, akanijibu kuwa data ni mali. Nifanyeje?

Mkaazi wa Tudor: Waaleikum salaam, ndugu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka ulinzi utiwe kwenye mfumo tangu unaposanifiwa, na habari za afya ni miongoni mwa data nyeti. Ridhaa lazima mtu aitoe kwa kitendo chake mwenyewe; tiki uliyomtilia wewe si ridhaa.

Fundi Skrini: Sheria nawaachia wenyewe, mimi hunikera zaidi ule ujumbe wa kumjulisha mteja. Siku moja tumebanana kwenye feri ya Likoni, simu ya mwenzangu ikawaka, na juu ya skrini iliyofungwa pakatokea majina ya dawa zake, nami nikayasoma bila kukusudia. Andika "Agizo lako liko tayari", basi. Tena simu moja nyumbani huweza kushikwa na mama, watoto na shangazi, kwa hiyo orodha ya maagizo ya zamani isifunguke bila nambari ya siri. Mahali alipo aulizwe anapobonyeza "Niletee", na apewe nafasi ya kuandika mwenyewe, "nyuma ya msikiti, mlango wa kijani", maana vichochoro vya Mji wa Kale dereva huvijua kwa maelezo kuliko kwa ramani. Na kitufe cha "Sitaki" kilingane na cha "Nakubali" kwa ukubwa na rangi, kisifichwe pembeni kwa maandishi ya kijivu.

Mleta mada: Shukran sana. Ruhusa ya majina nimeiondoa leo, na tiki pia. Kitambulisho bado mwenye duka anakishikilia.

Mkaazi wa Tudor: Muulize atakitumia kwa kazi gani.

Mleta mada: Nimemuuliza, akanyamaza, kisha akakiachilia. Tarehe ya kuzaliwa ameitetea kwa sababu ya vipimo vya dawa za watoto, na hapo ana haki. Lakini nitauliza umri tu, tena kwa dawa hizo pekee.