Albamu ya kwanza ya FLO: je, sauti zao tatu zimetendewa haki?

SautiYaPili (Umoja):

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaomba maoni ya wale ambao wameisikiliza kwa makini albamu ya kwanza ya kundi la FLO la London, yaani Jorja Douglas, Stella Quaresma na Renée Downer, iliyotoka tarehe 15 Novemba 2024 kwa jina la Access All Areas. Swali langu ni moja, nalo linatoka kwa mtu aliyelipenda kundi hili tangu lilipotoa Cardboard Box mwaka 2022: je, albamu hii imezitendea haki sauti zao tatu zinapoimba kwa pamoja, au imezisukuma nyuma ya midundo na wageni ili nyimbo zipate kuchezwa redioni?

Ninauliza hivyo kwa sababu kilichonivuta kwao hakikuwa mavazi wala uchezaji, ingawa hayo yote wanayamudu vizuri sana. Ni namna wanavyogawana wimbo. Hawana kiongozi mmoja ambaye wengine wawili kazi yao ni kumwitikia. Kila mmoja huongoza sehemu yake, na kinapofika kiitikio wote watatu husimama kila mtu kwenye sauti yake, ya juu, ya kati na ya chini, zikaoana hata ukashindwa kusema ni nani anayeimba nini. Cardboard Box ni wimbo wa msichana anayemfungashia virago mpenzi aliyemdanganya, na mtu angetarajia apige kelele. Lakini wao waliimba kwa utulivu na upatanifu, na utulivu huo ndio uliomaliza mjadala. Sisi tuliolelewa katika kwaya za kanisa na za tamasha za muziki za shule tunaifahamu kazi iliyo nyuma ya jambo kama hilo. Mwimbaji wa sauti ya kati ndiye anayetaabika kuliko wote, kwa kuwa hana mahadhi ambayo msikilizaji ataondoka akiyaimba, lakini akiteleza yeye, wimbo mzima unayumba.

Sasa albamu ina vipande 16 ukihesabu na utangulizi, ambapo tunakaribishwa na sauti ya Cynthia Erivo, mwigizaji na mwimbaji wa Uingereza. Kwangu kilele chake ni Bending My Rules, wimbo wa taratibu wa mtu anayejikuta akilegeza masharti aliyojiwekea kuhusu mapenzi. Hapo kila sauti inasikika, na nafasi kati ya sauti na sauti inasikika pia. Lakini katika In My Bag, ambao wamemwalika rapa GloRilla wa Memphis, Marekani, ninahisi wenye nyumba wamegeuka wageni. Sina ugomvi na GloRilla. Ana sauti nzito yenye mamlaka na anajua kazi yake. Ninachosikitikia ni kwamba wimbo umejengwa kwa kumsubiri yeye. Walipomwalika rapa Missy Elliott katika Fly Girl mwaka 2023 sikulalamika, kwa sababu wimbo ule ulikuwa umechota kutoka Work It, wimbo wake mwenyewe, na ilikuwa haki mwenye mali aje aone mali yake imetumiwaje. Hapa sioni sababu ya namna hiyo.

Ninyi mmesikia nini?

AbiriaWa58 (Buruburu):

Dada SautiYaPili, shukrani kwa swali. Kabla hatujailaumu albamu, ningependa tukumbuke tunaisikilizia wapi. Mimi niliisikia kwanza ndani ya matatu, na magari ya njia yetu, kama wengi wanavyojua, hufungwa spika kubwa za besi chini ya viti vya nyuma, ukakaa pale na mdundo ukaupokea kwa mgongo kabla haujafika masikioni. Katika mazingira hayo besi hutawala, sauti ya juu hupenya, na ile sauti ya kati unayoitetea humezwa kabisa. Niliporudia albamu hiyo hiyo nyumbani kwa vipokea sauti vya masikioni, niligundua tabaka ambazo garini hazikuwapo, hasa katika Check, ambao nilidhani ni wimbo wa kuchezea tu.

Hata hivyo, sikubaliani nawe kuhusu In My Bag. Katika jiji hili wimbo usioingia kwenye matatu unabaki kuwa mali ya wachache wenye simu nzuri na bando la kutosha, na huu uliingia. Nimeona kondakta ambaye hajui hata jina la kundi akiuongeza sauti. Kundi linalotaka kusikika nje ya Uingereza linahitaji wimbo mmoja au miwili ya kubisha mlango, na afadhali mlango ubishwe na GloRilla kuliko usibishwe kabisa.

MwalimuWaKwaya (Kariokor):

Nimefundisha kwaya kwa muda mrefu, kwa hiyo mtaniwia radhi nikirefusha maneno.

Jambo la kwanza ambalo ningependa tulielewe ni kwamba upatanifu wa kwenye rekodi si sawa na upatanifu wa jukwaani. Tunapoandaa wanafunzi kwa tamasha za muziki, mwamuzi anasikia watoto walio mbele yake na hana kingine cha kusikia. Studio ni tofauti. Katika mtindo huu wa R&B, mwimbaji mmoja anaweza kurekodi mstari ule ule mara nyingi, kisha akarekodi mstari wa juu yake, na wa chini yake, na zote zikapangwa upande wa kushoto, wa kulia na wa katikati, hata ukipiga hesabu unakuta unasikiliza ukuta mzima wa sauti uliojengwa na watu watatu. Makundi ya wanawake ya Marekani kama En Vogue, SWV na Destiny's Child yalifanya hivyo katika miaka ya 1990, na FLO hawafichi kwamba wao ni wanafunzi wa shule hiyo. Mtayarishaji aliyesimamia Cardboard Box ni MNEK, ambaye mwenyewe ni mwimbaji, na inasikika: midundo imepunguzwa makusudi ili sauti ziwe ndizo ala.

Kwa hiyo, dada, unapouliza kama sauti zimefichwa, jibu langu ni kwamba hazijafichwa, ila zimezidi wingi. Katika baadhi ya nyimbo za albamu hii ukuta umepandishwa juu mno, na kila pengo ambalo lingempa msikilizaji nafasi ya kuvuta pumzi limezibwa kwa vikolombwezo, yaani vijisauti vya kupamba. Jorja ana uwezo wa kuizungusha silabi moja katika noti nyingi bila kupoteza usafi wa sauti, kipaji ambacho ningefurahi kukisikia kwa mwanafunzi yeyote. Lakini kipaji hicho kikitumika katika kila kifungu, sikio hulizoea jambo lililopaswa kulishtua. Bending My Rules umefaulu kwa sababu waimbaji wamekubali kunyamaza kwa wakati wake. Huo ndio ukomavu, na ndio ninaowahimiza wanafunzi wangu kila siku bila mafanikio makubwa, kwa maana kijana mwenye sauti nzuri huona kunyamaza ni kupoteza.

La pili ni urefu. Vipande 16 ni vingi kwa albamu ya kwanza. Katikati kuna nyimbo kadhaa zenye mwendo unaokaribiana, na zikifuatana, hata nzuri kati yao hufifia. Ningepunguza nne, na sidhani kama kuna anayeipenda albamu hii angezililia sana. Caught Up ningeuacha, kwa sababu lile gitaa lake lenye ladha ya Kihispania linaitoa albamu katika rangi yake moja na kumpa msikilizaji kitu cha kushika.

MzaziMakini (Lang'ata):

Samahani kwa kuingilia mjadala wa wataalamu. Binti yangu wa darasa la nane ananiomba nimruhusu kuisikiliza albamu hii yote. Je, maneno yake yanamfaa?

BintiWaSouthB:

Ndugu MzaziMakini, si yote. Soft na Walk Like This ni nyimbo za watu wazima wanaozungumzia mapenzi bila kuficha, na ningekushauri uzisikilize mwenyewe kwanza kisha uamue. Cardboard Box, ambao haumo katika albamu hii, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa msichana wa umri wake.

Nikirudi kwenye swali la dada, ninataka kulitazama kutoka hapa nyumbani. Wengi wenu ni vijana na huenda hamkumbuki kwamba Nairobi ilikuwa na kundi lake la wasichana watatu, Tattuu, mwanzoni mwa miaka ya 2000: Angela Ndambuki, Angela Mwandanda na Debbie Asila. Wimbo wao wa Teso ulipendwa mno, na kwetu sisi tuliokuwa wasichana wakati ule ilikuwa mara ya kwanza kuona wanawake watatu wa mji wetu wakishikana jukwaani bila mwanamume wa kuwatangulia. Leo Angela Ndambuki ni mwanasheria, naye ndiye mkurugenzi wa IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi muziki, katika eneo la Afrika Kusini mwa Sahara. Ninafurahi sana kwa ajili yake. Lakini tangu Tattuu, wasichana wenye sauti katika jiji hili huimba kila mtu peke yake, isipokuwa wachache kama dada wanne wa familia ya Moipei, ambao undugu ndio uliowaunganisha.

Ninalitaja hilo kwa sababu FLO wanatuonyesha kinachohitajika. Kundi liliundwa mwaka 2019 na wimbo wa kwanza ukatoka mwaka 2022. Kwa muda wote huo walikuwa wakijifunza kuimba pamoja, na kampuni iliyowachukua ilikubali kusubiri. Matunda yakaonekana upesi: walipewa tuzo ya Rising Star (nyota anayechipukia) ya BRIT, tuzo za muziki za Uingereza, na pia wakaongoza orodha ya BBC ya Sound of 2023, ya wasanii wapya wanaotarajiwa kung'ara. Hapa kwetu hakuna anayemlipa msichana afanye mazoezi kwa miaka mitatu kabla ya kutoa wimbo, na malipo ya onyesho moja yakigawanywa kwa watatu, tena nauli na nguo zikitolewa humo, kila mmoja anaanza kujiuliza kwa nini asiimbe peke yake. Kwa hiyo ninapousikia ule upatanifu, nasikia pia muda na fedha zilizoulea, na nawaonea wivu wa heri.

Ndiyo maana siwezi kuihukumu albamu kwa ukali kama Mwalimu. Imezidi urefu, ni kweli, lakini hao ni wasichana waliosubiriwa kwa zaidi ya miaka miwili tangu ile EP yao (rekodi fupi ya nyimbo chache) ya The Lead ya Julai 2022, na watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba albamu haitatoka. Walipoupata mlango ukiwa wazi, waliingia na kila walichokuwa nacho.

SautiYaPili (Umoja):

Nawashukuru nyote. AbiriaWa58, hoja yako kuhusu matatu ni ya kweli, na nadhani watayarishaji wa huko wanaijua, kwa namna yao, kwa sababu hata London watu husikilizia muziki ndani ya magari. Bado msimamo wangu kuhusu In My Bag haujabadilika. Kubisha mlango ni sawa, lakini atakayefungua anapaswa kukuta FLO wamesimama mbele, na katika wimbo huo anayekumbukwa baada ya kumalizika ni mgeni.

Mwalimu, umenifungua macho kuhusu kunyamaza. Nimeurudia Shoulda Woulda Coulda nikiwa na maneno yako akilini, na ninaona pale pia wamejizuia vizuri: mpenzi wa zamani anaambiwa alichokipoteza, na anayemwambia hana haja ya kuonyesha ubingwa wa koo lake. Ningependa kujua unauonaje wimbo wa mwisho, I'm Just a Girl, kwa sababu hakuna aliyeugusa. Una gitaa zito la roki, na wanautumia kueleza uchungu wa wasichana weusi katika biashara ya muziki inayowapa nafasi finyu. Wapo rafiki zangu wanaosema haufanani na albamu na ungeachwa nje. Mimi nauona ndio wimbo wa ujasiri kuliko yote, maana hapo upatanifu unatumika kwa hasira, si kwa mahaba, na sauti ya kati inakwaruza. Nilikuwa sijawahi kuisikia ikikwaruza.

BintiWaSouthB, kuhusu Tattuu sina la kuongeza ila kwamba mama yangu bado anauimba Teso akiwa jikoni, na sehemu anayoimba si ya juu.

MwalimuWaKwaya (Kariokor):

I'm Just a Girl ningeuacha pale pale ulipo, mwisho. Ungewekwa katikati ungeharibu nyimbo zinazoufuata, kwa kuwa baada ya gitaa lile huwezi kumrudisha msikilizaji kwenye maneno matamu. Kasoro yake ni moja: gitaa limepewa nguvu nyingi kiasi kwamba pale ambapo wote watatu wanaimba kwa nguvu, zile za chini zinapigana nalo na kushindwa. Ningetamani wauimbe jukwaani kwa piano pekee, tusikie uchungu huo ukibebwa na koo tatu bila msaada. Na katika albamu ijayo ningewaomba wimbo mmoja usio na ala hata moja, wa dakika mbili tu, wenye sauti ya juu, ya kati na ya chini. Wanaweza kuufanya, na sioni kundi jingine la umri wao ambalo ningeliamini na kazi hiyo.